Vidole Viwili, Vitano, Kimoja

Habari ilinikuta sokoni Kaberebere, nikichagua mkungu wa ndizi: tabibu wa macho tuliyemzoea hapa Mbarara amefariki, na ameshazikwa kwao Endiinzi. Wasomaji wangu vijana hawamjui. Alianza kazi enzi ambazo hospitali zetu za Uganda zilimwondolea mgonjwa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu na kumvisha miwani minene kama kitako cha chupa; miwani ikivunjika, giza lilirudi siku hiyo hiyo. Alistaafu wakati lenzi mpya inawekwa ndani ya jicho lenyewe, na mtu anafunguliwa bandeji kesho yake. Alipenda kuyasimulia hayo, akianza hakamatiki.

Mimi nilimfahamu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi wa lugha nyingi, nilipokuwa mkalimani wake. Alisimama hatua kadhaa mbele ya mgonjwa na kuinua vidole: viwili, vitano, kimoja, kwa kila mgonjwa mpangilio ule ule. Nami, kwa kujiona mtu wa maana, nilirudia kila jibu kwa sauti kubwa ili karani aandike, foleni nzima ikisikia. Aliyekosea alimulikwa tochi na kuandikiwa upasuaji Mbarara; aliyepatia alirudi shambani. Mama mmoja mjane, mkimbizi kutoka Fizi, alipatia yote. Wakati wa palizi tulipita kwake, tukakuta ameifyeka kwa jembe miche yake yote ya maharagwe na kuyaacha magugu yamesimama.

"Mama, kwa nini hapana ambia mimi macho ni mbaya?" tabibu alimuuliza, kwa Kiswahili alichokulia nacho kwenye kambi ya jeshi.

"Nilisikiaka tu vile mukalimani anasema, nikashika ku kichwa," mama alijibu. "Niliogopa, dokta. Bakiandika kipofu, batanitosha, batanifuta jina ku listi ya kwenda Ulaya. Batoto bangu bataenda, miye nitabakia fasi gani?"

Tabibu hakumkemea. Alikaa palepale kwenye tuta. "Karatasi yangu hapana kwenda kwa watu wa listi, mama. Inabaki hospitali. Mimi ndiyo nilikosa kusema."

Wiki ile ile alimpeleka Mbarara. Jicho la kulia likaona. La kushoto, presha ya ndani ya jicho ilikuwa imeshaharibu mshipa wake wa kuonea. Tungeligundua siku ile ya vidole, pengine lingepona. Naona haya hadi leo.

Tangu hapo, kabla ya kuinua kidole, alimweleza kila mgonjwa karatasi yake inakwenda wapi, na mimi nikajifunza kunong'ona. Tukisimulia maendeleo ya tiba ya macho nchini, husifu lenzi na mashine, na ni haki yake. Ila mashine haimfikii anayeogopa kusema haoni. Sisi ambao kazi yetu ni kuuliza watu maswali, waganga, maofisa, waandishi, tuanze kwa kumwambia mtu jibu lake litatumika kwa nini. Sisi wawili hatukumwambia, na mama yule sasa anapalilia kwa jicho moja.