Samaki wa Mlangoni

Banda la kuku la mama yangu pale Suna lina mlango wa bati jeupe ambao, mvua ikiupiga, hutoa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, hadi leo. Umepakwa rangi mara mbili na harufu haijabanduka. Nikifika nyumbani hupitia hapo kwanza kuinusa, na mama hulalamika kwamba nimekuja kusalimia kuku.

Mlango huo ulikuwa wa gari letu. Miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano, baba aliuza ng'ombe wake wawili wa kulimia akanunua pikapu kuukuu iliyotoka Japani, ili mama asafirishie samaki wa kisiwa cha Remba kutoka Homa Bay hadi Migori. Nyuma ilikuwa na sanduku kubwa lisilo na dirisha, lenye kuta nene za kuhifadhi baridi. Samaki wa mama peke yake wasingelilisha gari lile, lakini wachuuzi wenzake waliahidi kupakia mizigo yao humo.

Tatizo lilikuwa alama kubwa ya buluu mlangoni. Juu ilikuwa na kitu kama paa, katikati kisanduku chenye msalaba ndani yake, na chini vidoa vinne. Min Otieno, yaani Mama Otieno, mchuuzi ambaye neno lake ndilo lililosikizwa sokoni, aliikagua, akaingiza kichwa ndani ya lile sanduku, akakitoa upesi.

"Hii ni jeneza na msalaba," akatangaza. "Hii gari ilikuwa ya kubeba maiti. Mimi siweki samaki yangu hapo."

Basi, mambo yakaharibika. Nani angenunua samaki waliolala alipolala maiti? Wiki mbili nzima hakuna aliyepakia hata kikapu. Shuleni nikaitwa binti wa mochari. Baba alitafuta mtu wa kulinunua gari, akaahidiwa kwamba mnunuzi angekuja Jumatatu, na mama akaacha kuimba jikoni. Hilo la kuimba ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi yake, Mwalimu Naoko alikuja sokoni kununua mbuta. Alikuwa Mjapani wa kujitolea, akifundisha hisabati katika sekondari ya jirani. Mama hakuwahi kuingia darasani, alitia sahihi kwa kidole gumba, na aliwaogopa walimu wote. Siku hiyo alimshika yule mwalimu mkono, akamvuta hadi kwenye gari.

Mwalimu Naoko aliangalia mlango, akaziba mdomo kwa kicheko. "Ni samaki," alisema. Akatuonyesha kichwa juu, magamba katikati, mkia chini. Gari letu lilikuwa la muuza samaki!

Alama kama hizo, alitueleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwao huitwa kanji, yaani herufi za Wahan, ndio Wachina, kwa sababu zilitoka kwao. Wachina wenyewe huziita hanzi, na Wakorea hanja. Ni jina lile lile, kila mmoja analitamka kwa ulimi wake. Na hiyo ya mlangoni, Mchina akiiona husema yu, Mjapani husema sakana, na wote wawili wanamfikiria samaki.

Mama alipitisha kidole polepole, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Kwa hivyo mimi nikiiona, naweza sema rech?" aliuliza. Ndivyo tunavyomwita samaki kwa Dholuo.

"Sema, mama. Hapo umesoma."

"Rech," mama akasema, machozi yakimtoka. Min Otieno naye akaja, akaweka kidole chake, akasoma. Kisha akageuka kwa hasira: "Na mbona hamkuniambia mapema?" Akaenda kuleta karai lake la samaki. Jumatatu mnunuzi alipokuja, gari lilikuwa Homa Bay.

Miaka mingi nilidhani Mwalimu Naoko alisema vile kumfurahisha tu mama asiyejua kusoma, na nilimshukuru kwa upole huo. Kumbe nilikosea. Nikiwa chuoni nilisoma kwamba Wajapani wa kale walipozipokea herufi za Wachina walifanya hivyo hivyo: waliiona alama ya mgeni, wakaitamka pia kwa neno la nyumbani kwao. Mama yangu alikuwa amesoma sawasawa, kama walivyosoma wenye kanji wenyewe.

Juzi nilimweleza, tukiwa tumesimama mbele ya banda. Aliendelea kuwamwagia kuku mahindi.

"Na wewe," akaniuliza, "siku ile ulifikiri nilikuwa nafanya nini?"