Ukuta Wangu na Maji ya Baraka

Jamani, nichekeni tu. Mvua za Sumbawanga zilikuwa zinapenya kuta za nyumba yangu mpya, nikaenda dukani kuchagua dawa ya kuzuia maji. Nikaiacha ile inayong'aa juu kama rangi, nikachukua inayozama ndani ya tofali. Nikapaka kuta zote, hadi za sebuleni. Raha niliyokuwa nayo! Kila mgeni namwagia ukuta maji ajionee.

Jumapili paroko akaja kubariki nyumba. Akanyunyiza maji ya baraka sebuleni. Matone yote yakateleza mpaka sakafuni, ukuta mkavu kabisa. Mama mkwe akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nyumba imekataa baraka!"

Na mimi, katikati ya sala, nikapiga makofi: "Umeona, Baba Paroko? Haliingii hata tone!"