Fundi Saa wa Temeke Anayeandika Nyendo za Miezi ya Mshtarii

Giza limeanza kushika Temeke na Abdulsamad Nasser ametoka kuswali Magharibi. Amekaa juu ya kigoda uani kwake, jicho la kulia amelibana kwenye bomba la bati lililo refu kuliko yeye mwenyewe. Mkono wa kushoto umeshikilia saa ya mfukoni karibu kabisa na sikio. Mkewe, Wahiba, amehamishia jiko upande wa pili wa nyumba ili moshi usimharibie kazi.

"Bado," anasema. "Bado."

Anachokingoja ni mwezi, lakini si huu wetu. Sayari ya Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, ina miezi minne mikubwa inayoizunguka, na ule ulio karibu zaidi umezama katika kivuli cha sayari hiyo. Sasa unatarajiwa kutoka. Abdulsamad hatazami saa. Anahesabu mapigo yake kwa sikio, matano kwa kila sekunde, kama alivyofundishwa kazini.

"Huo," anasema polepole. "Mdogo kama ncha ya sindano." Anaendelea kuhesabu midomo ikichezacheza, ndipo anageukia daftari na kuandika: saa moja, dakika ishirini na sita, sekunde kumi na nane.

Mwandishi wa makala haya alipewa nafasi ya kuchungulia, na anakiri kwamba alikuja na dharau kidogo moyoni. Dharau ile iliishia palepale. Sayari ilikuwa duara la rangi ya maziwa, imekatwa na mikanda miwili ya mawingu ya kahawia. Kando yake, mahali palipokuwa patupu dakika chache nyuma, palikuwa na nuru ndogo inayozidi kukolea.

Abdulsamad ana umri wa miaka arobaini na saba. Babu yake alikuja pwani hii kutoka Arabuni na kufungua duka la nguo. Baba yake aliuza nguo hizohizo. Yeye alikimbilia saa. Anatengeneza saa za mkono na za ukutani barazani kwake, shilingi tatu kwa usafishaji wa kawaida, na mwezi mzuri humwachia kama shilingi mia na themanini.

Darubini yake ameiunda mwenyewe. Kioo kikubwa cha mbele alikinunua mnadani kwa shilingi arobaini na tano, kikiwa kimetoka katika chombo kibovu cha wapima ardhi. Bomba limefanywa na fundi wa mifereji ya mvua, na miguu ni chuma cha cherehani iliyokufa. Na kioo cha kutazamia? Ni kilekile kidude cheusi ambacho mafundi saa hukibana jichoni mchana kutwa.

"Mchana nakitazamia magurudumu madogo, jioni nakitazamia makubwa," anasema. "Kazi ni moja."

Majirani walimwelewa vibaya tangu mwanzo. Walidhani ni mnajimu wa kutazamia. Walikuja kumuuliza habari za posa, za safari, na mara moja habari za mbuzi aliyepotea. "Niliwaambia mie najua mwezi wa Mshtarii utatoka saa ngapi, lakini mbuzi wenu sijui yuko wapi," anasema. "Wakaondoka wamenuna."

Mtu mmoja hakununa. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba anayefundisha shule ya misheni. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba kuna chama cha wataalamu wa nyota huko Ulaya kinachopokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote mwenye darubini na saa ya kweli. Januari mwaka huu, 1957, wawili hao walituma nakala ya daftari la msimu mzima: taarifa sitini na moja, zote zimeandikwa kwa Kiingereza na Mwalimu.

Majibu yalifika Machi, na yalikuwa machungu. Chama kilisema taarifa ishirini na saba za alfajiri zilikuwa sahihi, nyingine kwa tofauti isiyofika nusu dakika. Lakini zile thelathini na nne za jioni hazikulingana na hesabu hata moja. Barua ilimaliza kwa kumshauri mtazamaji aipeleke saa yake kwa fundi.

Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akisomewa barua hiyo.

"Niliumia, bwana," anasema Abdulsamad, na hafichi. "Bora wangesema macho yangu mabovu. Saa yangu naipatanisha na milio ya saa ya redio kila siku, mvua au jua. Halafu naambiwa haiendi."

Habari haikukaa ndani ya nyumba. Karani mmoja aliyekuwa ameacha saa yake barazani alikuja kuichukua kabla haijafunguliwa. Alisema kwamba ikiwa Wazungu wenyewe wameikataa saa ya fundi, yeye ni nani. Wengine wawili wakafuata. Jina lake la kazi, alilolijenga kwa miaka ishirini na miwili, likaanza kumong'onyoka.

Abdulsamad aliifunga darubini kwa gunia. "Wiki tatu sikuitazama," anasema. "Nilikuwa nikitoka uani nainamisha kichwa, nisione juu."

Aliyemwokoa ni Wahiba na sahani ya futari.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Ramadhani uliopita, mara baada ya kufuturu. Wahiba alimpelekea jirani yao muhogo wa nazi, kama afanyavyo kila mwaka. Ukutani kwa Mwalimu ilitundikwa kalenda ya kuchana karatasi, sawa na ile ya nyumbani kwake.

"Nikaona inasema tarehe kumi na mbili," anasimulia Wahiba. "Mie yangu nimeshaichana, inasema kumi na tatu. Nikamwambia, Mwalimu, kalenda yenu imelala. Akaniambia, hapana mama, kalenda hii naichana asubuhi nikiamka."

Mwalimu Revelian anasema alisimama na sahani mkononi, akasahau kuiweka chini. Katika nyumba ya Abdulsamad, kama ilivyokuwa kwa baba na babu yake, siku huisha jua likizama. Adhana ya Magharibi ikilia, karatasi inachanwa na tarehe mpya inaanza. Basi kila mwezi wa Mshtarii aliouona jioni aliuandikia tarehe ambayo kwa Mwalimu, na kwa Ulaya, ilikuwa bado haijafika. Za alfajiri hazikuwa na tatizo, maana wakati huo kalenda zote mbili husema neno moja.

"Saa nilizigeuza zote kutoka za Kiswahili kwenda za Kizungu, nikajiona nimemaliza," anasema Mwalimu. "Tarehe sikuuliza. Kosa ni langu, na nimemwomba radhi mbele ya mkewe."

Usiku uleule walikaa na kurudisha nyuma tarehe thelathini na nne. Barua ya ndege ikaondoka Jumatatu. Jibu lilifika wiki sita zilizopita, na Mwalimu amelisoma mara nyingi kiasi kwamba karatasi imelegea: taarifa zote sitini na moja zimekubaliwa na zitachapwa katika kitabu cha mwaka cha chama hicho, kwa jina la A. Nasser, Temeke. Karani naye amerudi na saa yake, akilalamika kwamba inachelewa. Abdulsamad ameipokea, ila ameiweka mwisho wa foleni.

Chama kiliomba jambo moja tu, kwamba tangu sasa aandike tarehe kwa kuanzia saa sita ya usiku kama wafanyavyo wengine. Abdulsamad aliagiza liandikwe jibu la heshima. Atawaandikia tarehe yao pembeni, lakini katika daftari lake siku itaendelea kuanza inapoanzia. Wamekubali. Wamesema chini ya jina lake pataongezwa mstari mmoja wa kueleza kwamba Temeke siku huanza jua likizama.

Sasa ameligeuza bomba upande wa mashariki, kwenye sayari ya Zohali. Pete yake mwaka huu iko wazi, imeizunguka sayari bila kuigusa popote. Anasema vitabu vya Mwalimu vinaeleza kwamba itazidi kujilaza mwaka hadi mwaka, mpaka 1966 ituelekee kwa ukingo wake mwembamba na kupotea machoni kabisa. Yeye atakuwa na miaka hamsini na sita.

"Mungu akinipa uhai, nitaiona inavyopotea," anasema. "Nitaandika saa, dakika na sekunde. Na tarehe nitaandika ya hapa."