Tairi Lisilorusha Maji

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Watu wa Kapsoit wameshanicheka vya kutosha. Pasta ameniombea, daktari amenipima presha, na wenzangu wa baiskeli wameniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimeonja kitu. Sionji kitu mimi. Mimi ni mtu wa chai na mursik, maziwa yetu ya mgando, na haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho haya haya, Jumapili alasiri, nikiwa nimetoka kanisani.

Nina duka la dawa za mifugo hapo Kapsoit. Ni mtu wa makamo, nina kipara, na hasira zangu ziko karibu, sikatai. Baiskeli nilianza baada ya kutishwa na habari za sukari, halafu nikamvuta shemeji yangu naye aingie. Huyo ni Odhiambo, mume wa dadangu Chelangat. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye majani chai, yeye akazaliwa hapa hapa, leo ni fundi wa mashine kiwandani, na Kikipsigis chake kinashinda cha vijana wetu. Ni mpole mno. Ukichoka kidogo tu, utamsikia, "Pumzika shemeji, wacha mimi." Nampenda kuliko ndugu zangu wengine, na wao wanajua.

Tulikuwa tunapanga safari kubwa. Kericho, Litein, Sotik mpaka Bomet, halafu kugeuza na kurudi siku hiyo hiyo. Kila jioni niko sebuleni kwake, ramani iko kwa simu, tunabishana kilima gani kitatuua kwanza na chai tutanywea wapi. Chelangat anapita na sufuria akitusonya. Yeye baiskeli hazipendi tangu siku nilipomrudishia bwana akiwa amevunjika jino la mbele. Basi Jumapili hiyo tukienda mazoezi akasimama mlangoni, ameshika mwiko.

"Umrudishe vile umemchukua," akaniambia.

"Hata lile jino?"

"Jino ulishakula. Huyu aliyebaki nataka mzima."

Tukacheka wote watatu.

Sasa nisikilize, kwa sababu usipoelewa kitu kimoja cha sisi watu wa baiskeli hutaelewa lolote. Anayekaa mbele ndiye anakata upepo. Wa nyuma anajificha kwa tairi lake, macho hapo hapo, na anapata nafuu kubwa sana. Wa mbele anaonyesha mashimo kwa mkono, na wewe unamwamini bila kuangalia barabara. Lakini hakuna mtu wa kukaa mbele milele. Akichoka anatikisa kiwiko hivi, maana yake, pita sasa, ni zamu yako. Unapita, unavuta, yeye anarudi nyuma apumzike. Mtu akitikisiwa kiwiko akakataa kupita, huyo kwetu si mtu. Sheria ni hiyo tu, na ndiyo iliyotuponza.

Tulipita Chepseon tukiwa sawa. Malori yalikuwa mengi barabara ya Nakuru, kwa hivyo tukakata tukaingia barabara nyembamba ya lami inayopanda katikati ya majani chai, tukitaka kuzunguka tutokee upande wa Kedowa. Kuna kilima huko ndani tulikuwa tumekibandika jina Ngoja Kwanza, kwa sababu kila mtu akifika katikati yake anasema ngoja kwanza. Tukaanza kupanda. Mara ukungu ukashuka, na mvua ikaja, ile mvua yetu ya alasiri ambayo haipigi hodi.

Ndipo nikamwona. Mbele yetu kulikuwa na mzee kwa ile baiskeli nyeusi ya zamani, isiyo na gia, mitungi miwili ya maziwa nyuma, amevaa koti refu na gambuti. Anapanda. Na anatuacha! Wewe, baiskeli yangu nimeinunua kwa shida mpaka mke wangu hajui bei, na mzee wa gambuti ananiacha kwa kilima? Damu ikanichemka. Sikujiuliza ni nani anapeleka maziwa Jumapili alasiri wakati maziwa huenda asubuhi. Sikujiuliza mbona ile mitungi haigongani. Nilinyonga kama mwehu mpaka nikamfikia.

"Chamgei, mzee!" nikamsalimia.

Akaendelea kunyonga bila kugeuka. Odhiambo nyuma yangu akapiga kelele, "Shemeji, huyo ni wa timu gani? Tumwombe jezi!"

Tukajipanga. Mzee mbele, mimi kwa tairi lake, Odhiambo kwa tairi langu. Na niamini, sijawahi kupanda kilima kwa raha namna hiyo. Upepo ulikatika kabisa. Miguu ikawa myepesi. Mzee alikuwa akiona shimo, mkono wake wa kushoto unashuka polepole na kuonyesha, vizuri kabisa, kama mtu aliyeendesha na timu miaka mingi. Nikajisemea, kumbe hapa kijijini tuna mabingwa na hatujui. Nikatabasamu, nikapangusa uso.

Mkono ukarudi mkavu.

Umewahi kuendesha baiskeli nyuma ya mtu mvua ikinyesha? Basi unajua. Tairi lake linaokota maji ya barabara na kukurushia usoni bila huruma. Unakula matope, unatema mchanga, macho hayafunguki. Ni lazima. Hakuna ujanja. Na mimi nilikuwa nyuma ya tairi hilo, karibu kuligusa, mvua inapiga majani chai pande zote mpaka yanalia, na usoni sina hata tone. Nikaangalia lile tairi. Linazunguka juu ya maji na maji hayashtuki. Yametulia tu chini yake.

Nywele ambazo sina zilisimama. Na wakati huo huo mzee akatikisa kiwiko.

Ilikuwa zamu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa kwa tairi lake. Lakini miguu iligoma, jamani, na mdomo pia ukagoma. Nilibaki hapo hapo nyuma yake. Akatikisa tena. Odhiambo akaona nimekwama, akadhani kilima kimenimaliza, na nikasikia gia yake ikibadilika.

"Pumzika shemeji," akasema akinipita. "Wacha mimi."

Nikapata sauti. "Odhi, usipite! Odhi!" Nilipiga nduru mpaka koo likauma. Sijui kama alisikia. Alimpita mzee, akakaa mbele, akainamisha kichwa kama kawaida yake, na ukungu ukamfunika na jezi yake ya njano.

Yule mzee akarudi nyuma polepole, vile mtu hurudi akimaliza zamu. Alipokuwa sambamba nami akageuka. Ungetaka nikuambie hakuwa na macho, au alikuwa na meno ya fisi. La. Alikuwa na uso wa mtu wa kawaida wa huku kwetu, mzee kama baba yangu, lakini amechoka. Sijawahi kuona binadamu aliyechoka hivyo. Na alikuwa na furaha, machozi yakimtoka.

"Kongoi," akasema. Asante. Akasema kama mtu anayetua mzigo.

Nikageuka kumtazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu mpaka chini. Hapo ndipo mvua ilinipata, yote kwa pamoja.

Nilipanda hicho kilima nikilia, sioni aibu kusema. Nilikuwa namwona Chelangat na ule mwiko. Nilitazama kila mtaro nikidhani nitaona gurudumu limeinuka. Nikafika juu, na Odhiambo alikuwa amesimama kando ya barabara, ameshika baiskeli, ananisubiri.

"Umekawia, shemeji."

Nilimkumbatia kwa nguvu. Kisha nikamwachilia haraka. Jezi yake ilikuwa kavu, kama imetoka kuanuliwa kwa kamba. Nikamuuliza yule mzee ameenda wapi. Akaniangalia kwa upole ule ule wake.

"Mzee yupi? Si tumekuwa wawili tangu nyumbani?"

Tuliporudi Chelangat alitupokea mlangoni. Mimi nilikuwa tope kuanzia kipara hadi viatu. Mumewe hakuwa na doa. Dada yangu alifurahi, wee! "Leo umeniheshimu," akasema. "Umemrudisha bila hata nguo ya kufua." Akanipa kikombe cha chai.

Ungesema nini wewe? Ungemwambia dada yako nini? Nikajipa moyo kwamba macho yalinidanganya, ukungu ni ukungu. Lakini Odhiambo akaanza kuendesha kila siku ukungu unaposhuka. Anaamka, anaondoka, anarudi bila jasho. Tukiwa na wenzetu anakaa mbele toka mwanzo hadi mwisho, na wajinga wanamsifu, ati jamaa amepata mapafu ya bingwa. Kwa mazungumzo yuko, kazini yuko, anacheka panapostahili kucheka. Lakini Chelangat alikuja dukani akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka, bwana yangu anaumwa na haniambii. Anakaa kitandani akiangalia ukuta. Ananiambia amechoka. Namuuliza umechoka na nini, anasema amechoka kukaa mbele. Ni mbele gani hiyo?"

Nikamwambia ni kazi za kiwanda. Aliniangalia, akajua ni uongo, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata nikatoka na Odhiambo, sisi wawili peke yetu, mvua ikiwa tayari inanyesha. Nilitaka kujua. Nikajibanza kwa tairi lake, nikafumba macho, nikaomba, Mungu wangu, nipige matope. Nilishe matope leo nishibe.

Uso wangu ulibaki mkavu.

Na shemeji yangu, yule mpole, ambaye hajawahi kuomba mtu kitu, akatikisa kiwiko. Hakugeuka. Akatikisa tena na tena, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka kama ya mtoto anayezuia kilio. Nilishika breki. Nilimwacha aende, nikakaa kwenye nyasi kando ya majani chai mpaka giza likaingia. Ni baada ya siku hiyo nilipoanza kuwasimulia watu, nao wakanicheka.

Sasa ile safari ya Bomet ni wiki ijayo. Odhiambo mwenyewe ndiye anataka twende. Wingu limekaa vibaya upande wa Kedowa, na wazee wanasema mvua haiendi popote. Jana nilipita kwao. Chelangat hakuwa na mwiko mkononi, wala hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema tena maneno yale yale, umrudishe vile ulimchukua. Na ninajua njia moja tu: tuanzie Ngoja Kwanza, naye akitikisa kiwiko, nipite.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, unayependa vilima vyetu, njoo. Chai iko, barabara ni nzuri, watu ni wakarimu. Lakini siku mvua inanyesha ukikuta mwanaume mwenye kipara mbele yako kwenye Ngoja Kwanza, anapanda bila kuhema, usifurahie tairi lake. Pangusa uso wako kwanza. Ukiwa mkavu, shika breki. Na nikikutikisia kiwiko, hata nikilia, hata nikikuomba kwa jina la mama yako, tafadhali usinihurumie. Usipite.