Gego Langu Kwenye Mdahalo wa Floraidi

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo pale ukumbini Nyamitanga, mjini Mbarara, ningejifukia mwenyewe.

Vijana wa mjini na sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulikuwa na mdahalo: je, serikali iongeze floraidi kwenye maji ya bomba ili kulinda meno ya watu? Mimi, ambaye hata nikiambiwa leo ni Jumanne naomba ushahidi, nilisimama upande wa kupinga, na hoja nilikuwa nazo: nani amepima floraidi iliyomo tayari kwenye maji yetu, na nani atamuuliza mama wa Kashojwa, kijiji chetu kambini, kama anaitaka? Makofi. Ningeketi hapo hapo ningerudi nyumbani shujaa. Lakini makofi yalinilevya, nikaongeza kwamba mwaka mzima sijatia dawa ya meno kinywani, nasugua kwa mkaa tu (kwamba gego moja la kushoto lilikuwa linanitesa kwa wiki tatu, hilo sikulitaja), nikanyakua chupa iliyotoka kwenye friji, nikatangaza, "Maji matupu yanatosha!" na kubugia.

Baridi ikaingia kwenye gego kama msumari. Nikapiga yowe, "Mama yangu weee!", kipaza sauti kiko mdomoni, maji yakamrukia mwenyekiti usoni, nikainama kumfuta, nikaangusha meza yake. Watu walicheka hadi wakashikilia viti.

Mpinzani wangu Prossy, anayesomea udaktari wa meno, hakucheka. Alikuja na tochi ya simu.

"Ssebo, bwana, fungua mdomo. Bambi, pole! Hii jino imeoza mpaka ndani. Na soda unakunywa mingi, si ndiyo?" Kisha akauliza polepole, "Nani mwingine umemwambia aache dawa ya meno?"

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipoanza. Kila nilipotoka mjini kwenda kambini nilimwagiza hivyo mama, na watoto watatu wa dada yangu anaoishi nao Kashojwa, na mkaa wao niliusaga kwa mikono yangu.

Prossy angeweza kunimaliza pale jukwaani. Badala yake alinipeleka kliniki anakojifunzia, wakalitibu gego, likaacha kuuma. Kesho yake nikapanda gari hadi Nakivale, shavu bado limevimba, nikapiga magoti mbele ya mama nikaomba msamaha, nikawaita watoto wafungue vinywa. Meno meupe, mazima!

Mama akajifuta machozi ya kicheko, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mwanangu, nilikuitikia tu juu unyamaze. Weye ukiisha kupanda gari, batoto banasugua meno na dawa yabo."

Sijawahi kushukuru hivyo kwa kudanganywa. Maswali yangu kuhusu maji bado ninayo, na Prossy mwenyewe anakubali kwamba floraidi ikizidi kipimo inadhuru. Ila kumwamuru mtu juu ya kinywa chake kabla sijakagua changu, hapana, sirudii.