Ridhaa ya Cansilde

Emery alianza kusikia sauti wakiwa Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi nchini Uganda, yeye na dada yake Cansilde wakisubiri kupewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Walikuwa wametoka Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, wawili tu waliosalia katika nyumba yao. Emery alikuwa na miaka kumi na tisa. Majirani walisema amerogwa, na Cansilde akamzungusha mwaka mzima kwenye vyumba vya maombi kabla ya kumfikisha hospitali moja ya Mbarara. Vidonge vilimtuliza, ila vilimnenepesha na kumtetemesha mikono.

Kwa kuwa Cansilde alijua Kifaransa, Kibembe na Kinyarwanda, hospitali ile ile ilimpa kazi ya ukalimani. Daktari mmoja, Swaleha, mzaliwa wa Mbarara, alikuwa akichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na maradhi ya akili. Kwa darubini alitazama sinapsi, pale seli moja ya ubongo inapoipasha nyingine habari, akitaka kujua kama kwa wagonjwa hao zimepungua. Cansilde ndiye aliyewaeleza wafiwa na kuwaomba ridhaa. Neno sinapsi wafiwa hawakulijua kwa lugha yoyote, akabuni lake: "Ni fasi kichwa inajisemesha yenyewe."

Hivyo ndivyo alivyomwambia Yudita, mjane mkulima wa maharage aliyefiwa na mwanawe wa pekee.

"Mama, hawatamuharibu. Batashona, utamuzika muzima."

"Na weye," Yudita aliuliza, "kama angekuwa wako, ungekubali?"

"Ningekubali."

Yudita akatia dole gumba kwenye fomu.

Emery aliijua kazi hiyo. Siku moja, akinyolewa na dada yake nje ya nyumba, alisema, "Yaya, dada yangu, siku nikikufa uwaache bafungule, bangalie. Miye mwenyewe niko nataka kujua nini inanisumbula." Cansilde alicheka, akamwambia atulize kichwa asikatwe na wembe.

Machi mwaka jana homa ya mapafu ilimwangusha. Alifia wodini, Mbarara, Jumanne asubuhi. Daktari Swaleha aliacha saa nzima ipite, kisha akaja kuketi kando ya Cansilde, mikono mitupu, bila fomu.

"Pole sana, dada. Najua hii si saa mzuri. Lakini tukichelewa, haiwezi saidia. Wewe unasema nini?"

Cansilde alikuwa ameyasema maneno hayo kwa familia kumi na moja. Sasa alichoweza kukiona ni kile kichwa alichokinyoa kila Jumamosi, na msumeno.

"Apana," alisema. "Mumuache."

"Ni sawa," daktari akajibu, wala hakurudia kuuliza.

Walimzika Nakivale. Wiki tatu baadaye, akifua shati la marehemu, Cansilde aliyakumbuka maneno ya mdogo wake, yote, na jinsi yeye alivyocheka. Aliketi chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Mtu pekee aliyekuwa amewahi kutamka kwa kinywa chake kwamba achunguzwe, ndiye ambaye Cansilde alimnyima.

Hakwenda kwa daktari. Alikwenda kwa Yudita, akamkuta akichambua maharage, akamweleza yote.

"Nilikuambia ningekubali," alisema. "Ilifika kwangu, nikakatala."

Yudita hakuinua macho. "Ungeniambia vile siku ile, pengine na miye ningekatala. Saa hii siwezi kumurudisha." Kisha akauliza, "Baliona nini ndani yake?"

"Bado, mama. Wanangoja wengine ili walinganishe. Hao walio nao hawatoshi."

"Na wako hayuko."

"Hayuko."

Yudita hakumfukuza, wala hakumkaribisha kukaa. Cansilde akaaga.

Bado ni mkalimani. Ila sasa, kabla ya kueleza lolote, huwaambia wafiwa kwamba naye aliombwa na alikataa, na kwamba anajuta, na kwamba kujuta kwake kusiwaamulie wao. Familia tatu zimekataa tangu aanze hivyo. Moja imekubali.

"Dada, watu wanakataa sababu yako," Daktari Swaleha alimwambia mwezi uliopita.

"Najua, dakta."

"Na utaendelea?"

"Nitaendelea."

Daktari akamkabidhi jina la mama mwingine aliyekuwa akingoja nje.