Sindano Iliyolika Upande

Tulikuwa wanne: mimi, mwanangu wa kwanza, shemeji yangu ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu, na Mkongo mwenye duka pale Kakuma. Majina yao ninayo yote, siyaandiki tu. Nyumbani Lodwar mwanangu ana spika kubwa na amplifaya ya maana. Ilikosekana mashine ya santuri, tusikie ile moja ambayo marehemu aliimba na kwaya. Sauti yake haiko kwingine.

Mkongo akatoa mashine mbili kuukuu, moja inayong'aa na moja nyeusi. Nikapapasa sindano kwa kidole, vile mtu anapapasa meno ya mbuzi sokoni. Ya ile inayong'aa ilikuwa imelika upande.

"Hii itakata santuri," nikasema.

Shemeji akacheka. "Wewe jua mbuzi." Akaiweka santuri ya marehemu, tuliyokuja nayo, kwenye ile inayong'aa hapo hapo, na sindano ikaichana.

Mwanangu akampiga ngumi, jino likaruka. Shemeji akachomoa kisu. Nikamchapa mkono kwa fimbo mpaka mfupa ukalia, kisu kikaanguka.

"Mama, mutabeba gani?" Mkongo akauliza.

"Hiyo nyeusi."

Sasa marehemu anaimba, lakini anakatika kila mzunguko. Shemeji hakanyagi kwetu. Anasema kisu nilikiota. Nyinyi mliochungulia mlangoni mwa duka siku hiyo, kama nimekosea, nirekebisheni.